Kopo Kwenye Ukuta wa Dohani

Bi Leokadia Wrona ameishi chini yetu miaka kumi na mmoja. Kwa miaka kumi sikuwa na sababu ya kuiogopa sakafu yangu.

Nyumba ni ya mbao, orofa mbili, ngazi moja. Ukitoka kwetu lazima upite mlangoni kwake. Dohani nayo ni moja: inaanzia jikoni kwake, inapanda ukutani, inapokea moshi wa jiko langu, inatokea paani. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyarudia kichwani kiangazi kile chote cha 1916. Mlango mmoja, ngazi moja, dohani moja, watoto wawili wa kike, na mume anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani na kulala mchana kama gogo.

Leokadia alikuja Pittsburgh akiwa na miaka kumi na tisa, kuolewa na Teofil, kijana wa kijijini kwao aliyetangulia. Kwao alikuwa mfuma lesi, na vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi hata ungedhani havina mifupa. Teofil alifanya kazi ya chuma pamoja na Ondrej wangu, tanuri moja, zamu moja. Ndiyo sababu tukapanga nyumba moja, wao chini, sisi juu. Januari ya kwanza tu tangu tuhamie, Teofil aliteleza akatumbukia kwenye chungu cha chuma kilichoyeyuka. Hakukuwa na cha kuzika. Padri alibariki jeneza tupu, sisi wanawake tukalia mbele ya jeneza tupu. Tena hakukuwa na picha. Ile ya harusi walikuwa wameiahirisha mpaka Leokadia apate gauni la maana.

Alikaa akifua nguo za watu miaka minne. Kisha mtu akamwambia kuna ghala mjini linatafuta wanawake wenye vidole vyepesi.

Ghala hilo lilikuwa la mikanda ya sinema. Majumba yote madogo ya kiingilio cha senti tano, huku kwetu na kwenye miji ya makaa ya mawe, yalikodi mikanda hapo. Mkanda ulitoka Jumatatu ukiwa mzima, ukarudi Jumamosi umechanika, una mafuta, umetafunwa na mashine. Orofa ya nne wanawake kumi na wawili walikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja akizungusha mkanda kwa mkono wa kulia, na kuupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto. Hawatazami. Wanapapasa. Pale kidole kinapokwaruzwa ndipo penye ufa. Wanasimama, wanakata, wanapaka gundi, wanaunga. Leokadia alirudi nyumbani na vidole vyenye chale nyembamba kama za karatasi, na hakuna aliyeunga haraka kama yeye.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa pua. Mikanda ile inaoza. Haiozi kama nyama, ila inaoza: picha inafifia, inanata, inatoa povu kama asali iliyochemka, mwisho inakuwa unga wa kahawia. Na ikifika huko, joto la mchana tu linaweza kuiwasha bila kiberiti. Kwa hiyo kila kopo lililoingia lilipitishwa kwanza kwa Leokadia. Alifungua kifuniko kidogo, akanusa, akatoa hukumu.

"Huyu mzima. Huyu anaumwa. Huyu maiti."

Maiti walitiwa kwenye pipa la maji uani na kuchukuliwa. Hakuwahi kubembelezwa akabadili neno. Mwenye ghala alisema, "Bi Wrona, huu mkanda mpya, una miaka mitatu tu!" Yeye akajibu, "Kuna watoto wa miaka mitatu makaburini." Akaendelea na kazi.

Wakaguzi wa jimbo walipoanza kuamuru vipande vikatwe, kazi hiyo nayo ikawa yake. Busu likizidi urefu, kata. Mlevi akimpiga mkewe, kata. Bastola ikielekezwa kwa mtazamaji, kata. Wenzake walimtania.

"Leokadia, umezuia mabusu mengi kuliko padri na mama mkwe wakichanganywa!"

"Nyie chekeni," aliwaambia. "Mabinti zenu wote wanabusiana kwa kipimo changu."

Na ilikuwa kweli. Jumamosi jioni tulienda sote kwenye jumba la barabara ya chini, tukakaa kwenye viti vya kukunja. Maandishi ya Kiingereza yalipotokea, watoto waliosoma shule waliwasomea wazazi wao, kila mmoja kwa lugha ya kwao, ukumbi mzima ukivuma kama kanisa saa ya rozari. Hapo nilijifunza jinsi mwanamke wa Marekani anavyoshika kikombe, na jinsi anavyomfukuza mwanamume mlangoni. Binti yangu Otilia alijifunza mengi zaidi. Alianza kuinamisha kichwa upande mmoja akiongea. Alikata nywele za mbele. Siku moja nilimgombeza juu ya vyombo, akaegemea mlango, mkono wa nyuma kwenye paji la uso, macho juu.

"Wewe, umepatwa na nini? Unaumwa?"

"Nahuzunika, mama."

"Huzunika huku unasugua sufuria."

Alipofika miaka kumi na sita Leokadia alimchukua akaunge mikanda pamoja naye. Nilikataa wiki tatu. Siku ya kwanza ya kazi walipewa onyo: kipande cha mkanda kinawashwa uani mbele ya wanagenzi wote, kisha kinazamishwa kwenye ndoo. Otilia alirudi kunihadithia macho yakimwaka. "Kiliendelea kuwaka ndani ya maji, mama! Ndani ya maji!" Yeye aliona ajabu. Mimi sikulala.

"Verona mdogo wangu," Leokadia aliniambia, "Otilia anakaa kiti cha pembeni yangu. Chochote kabla hakijamfikia yeye kinapita puani kwangu." Nikamwacha aende. Nilimwamini kwa sababu ya pua hiyo.

Agosti ya mwaka ule joto halikutoka mjini. Moshi wa viwanda ulilala juu ya mto Monongahela kama blanketi, shuka zilizoanikwa zilikauka zikiwa na masizi. Siku moja binti yangu mdogo, Hanka, mwenye miaka minne, alikuwa akicheza sakafuni kwetu karibu na ukuta wa dohani. Akainua uso.

"Mama, sakafu inanuka soksi za baba."

Nilicheka. Kisha nikapiga magoti nikanusa. Haikuwa soksi. Ilikuwa kali, chungu, ya kukereketa nyuma ya koo. Nilifikiri panya amekufa. Nikafikiri kabichi. Nilisugua ubao kwa siki, harufu ikarudi kesho yake. Halafu nikaona kijiko changu cha shaba, kinachoning'inia kwenye msumari wa ukuta uleule. Nilikuwa nimekisafisha Jumamosi. Jumatano kilikuwa kijani, na msumari umeota kutu kama umekaa mtoni.

Otilia aliporudi kazini nilimketisha.

"Kuna nini chini?"

"Chini wapi?"

"Usinipe sura ya sinema. Chini ya sakafu hii, kwa Bi Leokadia, kwenye ukuta wa dohani."

Aliangalia mikono yake. Na hapo nikajua: harufu niliyoikuta ukutani kwangu ndiyo ileile anayorudi nayo kwenye nywele kila jioni.

Nilimtoa neno moja moja. Miaka minne iliyopita mwonyeshaji mmoja wa sinema, wa kutembea na hema, alifilisika, mikanda yake ya zamani ikaletwa ghalani itupwe. Leokadia alikuwa akiipitisha vidoleni. Kwenye mmoja kulikuwa na lango la kiwanda na wanaume wakitoka kazini. Akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha ili kuona kama bado unafaa. Katika wale wanaume alikuwepo Teofil. Hakuutupa; aliuleta nyumbani kwa siri.

"Anatoka langoni," Otilia alisema, "anaiona kamera, anavua kofia. Anasimama. Halafu mtu wa nyuma anamsukuma aendelee, anapotea. Basi. Ukisema Baba Yetu haraka hufiki katikati kabla hajaisha."

"Na wewe umeuona?"

"Kila mwaka, siku ya mtakatifu wa jina la Teofil, ananiita niushike upande mmoja dirishani. Mama, usimwambie mtu. Ghala likijua anafukuzwa."

"Otilia. Unasikia harufu gani kwenye ubao huu?"

Hakuinama kunusa. "Ameufunga vizuri," akasema kwa sauti ndogo. "Kafuri ndani, utepe mara tatu, na nta juu yake. Hakuna anayefunga kama yeye."

Siku hiyo sikuwasha jiko. Wala kesho yake. Kopo lilikuwa kwenye kabati lililoegemea dohani, na ni moto wa jiko lake pamoja na wangu mimi, supu zangu, uliokuwa ukilipasha miaka minne. Niliwalisha mkate, jibini na maziwa ya mgando. Siku ya tatu Ondrej alisukuma bakuli.

"Mke wangu, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni joto."

"Mimi nasimama mbele ya tanuri kwa saa kumi na mbili, wewe ndiye unaogopa joto la viazi?"

Sikumwambia. Namjua. Angeshuka akavunja kabati, akatupa kopo bondeni, na Leokadia angekufa akiwa anatembea. Tena kulikuwa na jambo jingine: Ondrej hataki kusikia jina la Teofil. Alikuwa hatua tatu kutoka kwake ile Januari.

Jumapili baada ya misa nilimwacha Hanka kwa jirani ng'ambo ya barabara, juu kilimani, nikamwambia asimrudishe mpaka nije mwenyewe. Ondrej alikuwa amelala. Nikabisha hodi chini.

Leokadia alikuwa amekaa na gauni lake jeusi la kanisani, anamenya viazi. Jiko lake lilikuwa linawaka.

"Karibu Verona. Mbona umekunja uso kama bili ya daktari?"

"Dada, zima jiko."

Kisu kilisimama. Alinitazama, akatazama kabati, akanitazama tena.

"Otilia ana mdomo," akasema.

"Otilia amenificha miaka yote. Kijiko changu ndicho kilichosema. Zima jiko, nakuomba."

Akainuka, akamwaga maji juu ya makaa. Mvuke ulijaa jikoni. Akarudi akakaa na kuendelea kumenya kiazi kilekile.

"Limefungwa," akasema. "Nimelifunga kwa mikono yangu. Hewa haiingii."

"Na kinachotoka je?"

"Hakitoki kitu."

"Hanka anakohoa."

"Mtaa mzima unakohoa. Angalia moshi ule."

"Dada Leokadia, mimi sina kitu cha kukufundisha. Nimesoma miaka mitatu, hata jina langu naliandika limepinda. Lakini mume wangu amelala juu ya kopo hilo sasa hivi. Sitaki nikubishie. Nataka ulinuse."

"Sina haja."

"Ulinuse kama lile la ghalani. Kama limeletwa na mtu usiyemjua. Kisha useme. Ukisema mzima, nitapanda juu niwashe moto nipike, na sitalitaja tena."

Aliweka kisu chini. Nilisikia mluzi wa treni chini mtoni, na juu ya vichwa vyetu kitanda kikilia Ondrej akijigeuza. Nilikuwa nimeshika kingo za kiti. Nilijua pua yake haiwezi kudanganya, lakini sikuwa na hakika na mdomo.

Aliliendea kabati. Alitoa mashuka, akatoa Biblia, akatoa kopo. Bati lilikuwa limeliwa na kutu hadi likawa na vitundu kwenye mshono, na kifuniko kilikuwa kimevimba kidogo katikati, kama mkate unaoumuka. Nta ilikuwa safi, imara, imepigwa kwa kidole kuzunguka pande zote. Kazi nzuri kweli. Aliliinua mpaka usoni, akafumba macho, akavuta pumzi.

Alirudia.

"Lina joto," akanong'ona. "Verona, jiko nimelizima, na lina joto."

"Dada. Ni nani huyo?"

Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti ilikuwa ile ya ghalani.

"Maiti," akasema. "Mtoe mumeo."

Sijui nilipandaje zile ngazi. Nilimvuta Ondrej kwa mguu. "Toka nje." Akanitukana kwa usingizi. "Toka nje, nyumba!" Akatoka na suruali ya ndani, pakiwa mchana kweupe wa Jumapili, majirani wakirudi kutoka kanisani. Mwanamke mmoja akapiga ishara ya msalaba na kugeuza uso, mwingine hakugeuza. Otilia, aliyekuwa amebaki nyuma na wanakwaya, alitukuta uani. Alipoona anayetoka mlangoni alinishika mkono akaufinya hadi ukaniuma.

Leokadia alikuwa amelifunga kopo kwa shuka lililolowa. Alitembea polepole, miguu haikunjiki, kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa lililojaa hadi ukingoni. Kutoka mlangoni hadi kwenye beseni la kufulia ni hatua ishirini. Nilizihesabu zote. Ondrej alitaka kumpokea, akamzuia kwa macho tu.

Alipolizamisha maji yalitoa mlio mdogo. Ndipo akakata nta na kisu cha viazi.

Nilikuwa nimesimama mbali lakini harufu ilinifikia nikafunika pua. Ndani hamkuwa na mkanda. Kulikuwa na keki ya kahawia, juu imechemka povu, pembeni imekuwa unga. Alitia vidole ndani ya maji akajaribu kukunjua. Zilibanduka tabaka mbili tatu katikati kabisa, ngumu, bado zina picha. Akaziinua kwenye jua. Lango. Lango tupu, halijafunguliwa bado. Teofil alikuwa kwenye tabaka za juu, maana Leokadia alizoea kuukunja mkanda mumewe akiwa upande wa nje, ili amwone haraka.

"Sisi tunawaambia wanagenzi," alisema bila kumwangalia mtu, "mkanda unaoumwa usiufunge. Uache upumue. Nilidhani huyu akiachwa apumue ataondoka."

Akarudisha lile lango majini. Tuliliacha kopo kwenye beseni, na Jumatatu watu wa ghala walikuja kulichukua. Alimwambia mwenye ghala ukweli wote. Hakufukuzwa. Alinyang'anywa kiti cha dirishani, basi.

Nilidhani yamekwisha. Siku ya tisa nilikuwa natikisa vumbi kwenye kitabu cha sala cha Otilia, kikadondosha kipande cha mkanda, picha sita, urefu wa kidole cha kati. Wanawake wa ghala wana desturi ya kupeana kipande siku ya jina: busu lililokatwa, au uso wa mwigizaji ambaye binti anampenda. Nikakishika dirishani nione ni mwigizaji gani huyu.

Alikuwa Teofil. Kofia iko hewani, meno nje. Alidhani kamera inastahili salamu, mtu yule. Na nyuma yake, mkono begani kwake, robo ya uso, kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na sita mwenye masharubu ambayo nilikuwa nimeyasahau. Aliyekuwa akimsukuma aendelee alikuwa Ondrej wangu.

Nilikaa chini na kile kipande mapajani. Kilikuwa kisafi. Nilikinusa mara kumi. Kisha nikashuka nacho.

Leokadia hakukigusa. Alikitazama mkononi mwangu.

"Nilimpa Otilia siku ya jina lake," akasema. "Nilikata mahali ambapo ningeweza kuunga asionekane amepungua. Nilikisahau. Hapana, sikukisahau. Kaa nacho wewe."

"Ni chako, dada."

"Kwangu ataoza. Nitamfunika, nitamfunga, najijua. Wewe mwoga. Mwoga ndiye anayefaa kukaa naye."

Hivyo kinaning'inia kwa uzi kwenye dirisha langu la mashariki, mbali na dohani, hewani. Ondrej alikiona siku ya kwanza. Alikitazama mpaka akachelewa zamu, na tangu hapo akirudi asubuhi huvulia kofia mlangoni, sio ndani kama zamani. Otilia bado anafanya kazi orofa ya nne, na kila siku saa nne nasimama juu ya ngazi nikitazama ng'ambo ya mto, paa la ghala lile, kama kuna moshi usio wa kawaida. Katika mji huu si rahisi kujua.

Kila asubuhi kabla sijawasha jiko nanusa kile kipande. Jumapili Leokadia anapanda baada ya misa. Ananusa kwanza, halafu ndipo anamtazama. "Mzima," anasema, na mimi namimina kahawa.

Jumapili iliyopita alinusa mara mbili. Neno "mzima" halikutoka, na mimi nikamimina kahawa hivyohivyo.